Sifa za Maji Yaliyo Chini ya Kapeti

Mvua imeimbwa, visima vimeimbwa, hata umande umepata washairi wake. Maji yanayolala chini ya kapeti la gari, upande wa abiria wa mbele, hayajatungiwa hata ubeti mmoja. Wenye magari huyalaani, mafundi huyakwepa, madalali huyapulizia manukato. Dhuluma hiyo imetosha. Katika biashara yetu yote ya magari yaliyotumika simwoni mtumishi mwingine anayefanya kazi bila posho, bila kualikwa na bila kumwogopa mtu, kisha akatoa ripoti kila mwaka.

Nasema kila mwaka kwa sababu maji haya yanajua kalenda. Hapa Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhi ripoti yake kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Aprili ripoti hufika bungeni. Masika nayo huanza Machi na kushika kasi Aprili. Mkaguzi mmoja anasoma vitabu vya Serikali, mwingine anasoma gari lako, na huyu wa pili hasubiri kuletewa nyaraka. Anajipenyeza mwenyewe hadi kwenye kabati la mafaili. Na kama ilivyo kwa kila ukaguzi, anayekaguliwa huanza kwa kukanusha: ni chupa ya mtoto iliyomwagika, ni vijana wa kuosha magari hawakukausha, ni viatu vyako, mama, ulipanda navyo vimelowa. Maji hayabishani. Yanasubiri mvua inayofuata.

Hoja ya kwanza ya ukaguzi humhusu mwenye gari mwenyewe, yule anayeegesha chini ya mwarobaini ili usukani usimuunguze. Chini ya waipa kuna mfereji uliofunikwa kwa plastiki, uliotengenezwa ili maji ya kioo cha mbele yateremke pembeni na kutokea nyuma ya fenda. Majani ya mwarobaini na maua ya mwembe huingia humo, huoza, huwa udongo, na mfereji huwa bwawa. Bwawa likijaa hufurika kwenye tundu ambalo feni huvutia hewa, na kutoka hapo maji hushukia miguuni pa abiria. Mwenye gari hung'arisha rimu kila Jumamosi, lakini plastiki ile hajaifungua tangu alinunue. Dawa yake ni kuchota tope kwa mkono na kumwaga maji kidogo kuona kama yanatoka kunakostahili.

Hoja ya pili huja hata kiangazi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hewa ina unyevu mwingi. Kiyoyozi huukamua na kuutoa chini ya gari kwa kimpira chembamba. Watu wakiona gari lililotoka safarini likidondosha maji hushtuka na kumpigia fundi simu. Siku ya kushtuka ni ile yasipodondoka ilhali kiyoyozi kinapoza. Maji bado yanatengenezwa, ila kimpira kimezibwa na vumbi au kiota cha mdudu, nayo yamehamia ndani. Mvua hakuna, jua linawaka, na kapeti limelowa: hapo hata wingu la kusingizia halipo.

Wenye dirisha kwenye paa hupewa hoja ya daraja la juu, kulingana na bei waliyolipa. Wengi wao huamini kwamba dirisha lile halipitishi tone. Kumbe aliyeliunda alijua litapitisha, ndiyo maana akaweka sinia chini ya kioo na mipira kwenye pembe zake, kwa kawaida minne, inayoshusha maji ndani ya nguzo hadi nje. Fundi anayepaka silikoni kuzunguka kioo anatibu kidonda kisichokuwepo. Zibua mipira taratibu kwa uzi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Ukiupuliza mpira kwa upepo mkali wa kompresa, unaweza kuchomoka kwenye kiungio chake huko ndani ya nguzo, na hoja moja ikazaa mbili.

Sasa tufike kwenye kurasa ambazo msomaji huzisoma kwa sauti, zile zinazotaja waliofanya kazi nusunusu. Maji huingia ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, katika kila gari duniani, yakiteremka kando ya kioo; matundu ya chini ya mlango ndiyo mlango wao wa kutokea. Yakizibwa na uchafu, mlango hulia kama dafu kila unapoufunga. Kinachokinga chumba cha abiria ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi ya kunata nyuma ya pambo la mlango. Fundi aliyekuja kuweka spika kubwa, au kutengeneza dirisha lililogoma kupanda, aliichana, akaikunja, akaitupa, akasema hiyo haina kazi. Kazi yake ndiyo hiyo unayoikanyaga. Bandika plastiki mpya kwa gundi ya aina ileile, pembe zote, na ncha ya chini iingie ndani ili maji yaangukie upande wa nje.

Fundi kioo naye hasahauliki. Kioo cha mbele kikibadilishwa hutaka gundi yake maalumu, chuma kisafi kisicho na kutu, na muda wa gundi kukauka kabla gari halijaondoka. Aliyekuwa na haraka hutumia silikoni ya madirisha ya nyumba, ile yenye harufu ya siki, na tindikali iliyomo hualika kutu palepale alipodai kuziba. Fundi alamu alitoboa tundu kwenye ukuta wa injini ili apitishe waya, akaacha bila raba, na maji yakajifunza kutembea juu ya waya ule hadi chini ya dashibodi. Raba ya kuziba tundu ni bei ya soda, na waya ukikunjwa ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, maji hudondokea njiani. Fundi bodi alirudisha taa ya nyuma bila mpira wake baada ya ajali ambayo hukuambiwa, na leo tairi la akiba linaogelea. Umeona kazi ya msifiwa wetu? Ajali ya mmiliki wa zamani, iliyofichwa kwa rangi na tabasamu, imeandikwa upya kwenye buti kwa wino usiofutika.

Kuna hoja moja ya siri. Nyuma ya dashibodi kuna hita, chombo ambacho watu wa pwani hawajawahi kukitumia na hawana mpango huo, lakini katika magari mengi maji ya rejeta hupita humo hata hivyo. Ikitoboka, kapeti hulowa maji yenye harufu tamutamu na kunata vidoleni, kioo cha mbele hufunga ukungu wenye mafuta, na maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanakoelekea. Hapo si suala la raba wala gundi; hita hubadilishwa.

Msifiwa wetu ni mwalimu pia, na somo lake kuu ni kwamba panapolowa sipo palipotoboka. Maji huingia juu ya nguzo, hufuata mshono wa bati, hupita chini ya kapeti na kujitokeza mbali, kutegemea gari lilivyoegeshwa kwenye mteremko. Kwa hiyo mwanafunzi wake hujifunza utaratibu. Hung'oa viti na kuinua kapeti kwanza. Hupaka poda ya mtoto kwenye mishono, ili tone likipita liache mstari. Humweka mtu ndani na tochi, naye nje anashika mpira wa maji yatiririkayo polepole, akianzia chini na kupanda sehemu moja baada ya nyingine, akisubiri kila mahali. Anayeanzia paani hulowesha washukiwa wote kwa pamoja na hana tena wa kumhoji. Mashine ya kuoshea magari haifai, kwa maana hupitisha maji mahali ambapo mvua haijawahi kupita. Mpira wa mlango hupimwa kwa noti: funga mlango juu ya shilingi elfu kumi, uivute, ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea. Ni mara chache fedha huingia gereji na kurudi mfukoni nzima.

Wanaopuuza ripoti huona hatua ya pili. Sponji iliyo chini ya kapeti hubaki imelowa wakati juu pamekauka, ndiyo maana kuanika kapeti juujuu ni kujidanganya. Humo chini plagi za waya huota ukijani, na gari huanza vituko: milango inajifunga, honi inalia saa nane za usiku, madirisha yanashuka bila mtu. Watu wa mwambao wana jibu la haraka kwa mambo hayo, nalo hugharimu ubani na jogoo. Kabla ya kwenda huko, inua kapeti. Ila usichomoe plagi za njano zilizo chini ya viti, ambazo ni za mifuko ya hewa, kabla hujatoa terminali ya betri na kusubiri kidogo.

Linganisha sasa maji haya na kasoro nyingine, uone ukubwa wa heshima yao. Taa ya injini huzimwa kwa mashine ya mkononi, ikawaka tena ukishalipa. Kilomita hurudishwa nyuma mpaka gari likawa changa kuliko namba yake. Moshi hufichwa kwa oili nzito, mlio kwa redio, kutu kwa rangi. Kasoro hizo zote zina bei, na madalali wanaijua. Maji peke yake hayahongeki. Gari lililozama kwenye mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, linaweza kuoshwa, kunyooshwa na kuvalishwa viti vipya, lakini mchanga mwembamba wa Bonde la Msimbazi utabaki kwenye reli za viti na chini ya kapeti, ukitoa ushahidi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha gari bovu huumbuliwa na masika.

Kwa hiyo, anayetaka kununua gari asiende kiangazi, wakati kila gari lina hati safi. Aende Aprili, mvua ikinyesha. Avue viatu, akanyage kapeti kwa unyayo mtupu, upande wa abiria kwanza, kisha nyuma ya viti vya mbele. Ainue ubao wa buti na kuingiza mkono chini ya tairi la akiba. Anuse kabla ya kuangalia, na akikuta ndani kumetundikwa manukato matatu mapya kwa wakati mmoja, ahesabu hiyo ni hati chafu. Na dalali akimwambia leo mvua kubwa, bosi, tuonane jua likitoka, amjibu kwamba haiwezekani, mkaguzi ameshafika na anataka kuanza kazi.