Sifa za Kutu

Peugeot 404 imesifiwa mpaka imevimba kichwa. Pininfarina wa Italia aliichora, Wafaransa wakaanza kuiunda 1960, na Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akashinda nayo Safari Rally 1966 na tena 1967. Tope na makorongo ya Afrika Mashariki hayakuiweza. Aliyeiweza yuko uani kwangu, hapa Tanga, na sijaona gazeti lililompiga picha. Leo namsifu Kutu.

Kwanza, ni mkweli. Katika biashara nzima ya magari ya zamani sijakutana na mwingine wa namna yake. Dalali atakuapia kwamba gari lilikuwa la mzee mmoja aliyelitoa Ijumaa tu kwenda msikitini, na rangi mpya itamtolea ushahidi. Kutu hana maneno mengi. Anatoa kijipele kimoja chini ya mlango, ukubwa wa punje ya choroko. Kiguse kwa bisibisi: inazama hadi mpinini. Ndani utakuta puti unene wa kidole, nyuma ya puti wavu wa waya, na nyuma ya wavu gazeti lililokunjwakunjwa. Kuna fundi aliziba tundu kwa habari za michezo! Ndiyo maana wajuzi huenda kununua wakiwa na sumaku iliyofungwa kitambaa isichubue rangi. Penye bati inang'ang'ania, penye puti inaanguka chini.

Hana makuu pia. Chuma, maji na hewa vinamtosha, na chumvi ya upepo wa bahari kwake ni mchuzi tu wa kuharakishia mlo. Yaache matope yazibe vile vitundu vya kumwagia maji chini ya milango, naye atahamia na ukoo mzima. Hapendi kujionyesha: hukaa ndani ya madigadi, chini ya zulia, kwenye mikunjo ambapo mabati mawili hukutana. Akishanenepa (maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa), ndipo rangi inapovimba na wewe unapopata habari.

Ualimu wake je? Nati aliyoishika haifunguliwi kwa hasira. Ukikaza msuli, kichwa cha bolti kinakatika. Unailowesha mafuta, unakwenda kulala, asubuhi unaipasha moto, unaibembeleza mbele kidogo, nyuma kidogo. Na bati lililooza halifunikwi. Unakata mpaka ufike kwenye chuma king'aacho, kisha unachomelea kiraka kwa nukta, moja huku, nyingine kule, kwa sababu ukivuta mstari mzima kwa mkupuo joto litalipinda bati lote. Nawajua watu wenye shahada ambao hawajawahi kufundishwa subira kwa ukali huo.

Lakini fadhila yake kubwa ni ulinzi. Tangu gari langu, hiyo 404, lipandishwe juu ya mawe, mlango mmoja ukiwa umeegemezwa ukutani na sakafu ikiwa wazi kiasi cha kuona kuku wakipita chini, hakuna mwizi aliyelitupia jicho. Trafiki hajanisimamisha. Na wale jamaa zangu wa upande wa shangazi, ambao kila msimu wa harusi walikuja na tabasamu kuazima gari la kumbebea bibi harusi, sasa wanaazima la jirani.