Bwana wa Njia ya Kati

Leicester, Novemba

Baba Mdogo,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, pamoja na jogoo wa jirani aliyeamua kuchangia katikati. Umeuliza afya, umeuliza kazi, halafu ukauliza habari za "hizo barabara za Wazungu ambazo wanasema gari linateleza lenyewe." Afya ipo. Kazi ipo, bado nasambaza vifurushi kwa ile vani nyeupe uliyoiona kwenye picha. Barabara ndizo zimenifanya nikae kitako niandike. Mtu aliyemaliza ujana wake kati ya Dar na Tunduma na semi-trela hajibiwi swali la barabara kwa kutumiwa kidole gumba kwenye simu.

Gari kweli linateleza. Wanaendesha kushoto kama sisi, usukani upande wa kulia, kwa hiyo hapo hakuna ugeni. Barabara zao kubwa wanaziita motawei na wamezipa namba badala ya majina: M1, M6, M25. Nyingi zina njia tatu kila upande, penye watu wengi nne. Hakuna bodaboda, hakuna mtembea kwa miguu, hakuna mbuzi, hakuna tuta, hakuna kijana anayekimbia na korosho dirishani. Mwendo wa juu ni maili 70 kwa saa, kama kilomita 112 hivi. Na sheria ya njia ni nyepesi mno: kaa kushoto. Ukitaka kumpita mtu, toka uende kulia, mpite, rudi kushoto. Njia ya kulia si ya wenye haraka wala ya wenye magari ya bei mbaya, ni ya kupitia tu. Kumpita mtu kwa upande wake wa kushoto hakutakiwi, isipokuwa foleni imebana na kila njia inatambaa kivyake.

Umeona ilivyo rahisi? Sasa nikutambulishe kwa Bwana wa Njia ya Kati.

Utamkuta Jumapili asubuhi, barabara nyeupe, njia ya kushoto haina hata paka. Yeye yupo katikati, mwendo maili 62, mikono yote miwili kwenye usukani, shingo imenyooka. Nyuma ya kiti ameweka mwavuli na boksi la tishu. Kioo cha kuangalia nyuma anacho, lakini ni pambo. Haangalii kushoto, haangalii kulia. Wala hana simu mkononi wala kilevi kichwani. Ametulia kabisa, anaenda kwa dada yake, na nyuma yake kuna watu kumi na tano wanaomwombea mabaya.

Kwa sababu tazama anachofanya. Mimi natoka nyuma niko njia ya kushoto, maili 70, kihalali. Kumpita kwa kushoto siruhusiwi. Kwa hiyo lazima nivuke njia yake, niingie ya tatu, nimpite, kisha nirudi mpaka kushoto. Njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, kwa ajili ya mtu mmoja asiye na haraka. Kila anayekuja nyuma yangu anafanya vivyo hivyo. Baada ya muda wote tumerundikana njia ya kulia, bampa kwa bampa, mmoja anagusa breki, wa nyuma yake anagusa zaidi, wa kumi anasimama kabisa. Foleni imezaliwa, haina ajali, haina mvua, haina msafara wa kiongozi. Na njia ya kushoto bado tupu. Serikali imejenga barabara ya njia tatu na bwana huyu ameirudisha kuwa ya njia moja, peke yake, bila kushuka garini.

Nimewauliza watu wa ghalani kwetu kwa nini mtu afanye hivyo. Mmoja akasema kushoto kuna malori. Mwingine akasema kushoto magari huingia kutoka barabara za pembeni, yanamsumbua. Wa tatu, dada mmoja mkweli, akasema yeye mwenyewe hukaa katikati kwa sababu "ni pazuri." Mimi naona ni heshima tu, Baba Mdogo. Hawa watu wana matabaka hata kwenye maziwa ya chai, ije kuwa lami! Ukimwambia akae kushoto na malori, kwake ni kama mwalikwa wa harusi aliyeonyeshwa kiti cha plastiki karibu na jenereta. Ya kulia nayo anaiogopa, kule kuna wenye vurugu. Basi anabaki katikati, si maskini si mhuni, na anaona amewastahi wote.

Hapo mwanzo dhambi hii haikuwezekana. Motawei yao ya kwanza, ya kupitia pembeni ya mji wa Preston, ilifunguliwa Desemba 1958 na Waziri Mkuu Macmillan, maili 8 tu, na ilikuwa na njia mbili kila upande. Katikati hapakuwepo! Mwaka uliofuata wakafungua M1, sehemu yake kubwa ikiwa na njia tatu, tena wakati huo bila kikomo cha mwendo, na naamini bwana wetu aliingia siku hiyo hiyo na hajatoka mpaka leo.

Usidhani hawana adhabu. Tangu Agosti 2013 polisi wanaweza kumwandikia papo hapo mtu anayeng'ang'ania njia ya kati: faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Ukifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu unaweza kunyang'anywa leseni. Lakini trafiki wa kukusimamisha umwone wapi? Huku hakuna yule afande wa Vigwaza anayechomoza kutoka nyuma ya mwembe. Kuna kamera, na kamera inakamata mwendo. Kupigwa tochi kwa ukaidi bado hawajavumbua.

Swali lako nalijua kabla hujaliuliza: si wampigie honi?

Honi! Baba Mdogo, honi huku ni tusi. Pale kwetu honi ni mazungumzo: nipo, pita, habari za nyumbani, mzigo wako unamwagika, binti umependeza. Huku sheria yenyewe inasema honi ni ya kumjulisha mtu kwamba upo tu, na mjini kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 1:00 asubuhi imepigwa marufuku. Mtu akikupigia honi, unaweza kuikumbuka mwaka mzima na kuwasimulia wanao. Kwa hiyo hasira zote za taifa hili zinabaki ndani ya vioo vilivyofungwa.

Nimeziona kwa karibu. Kuna mzee mmoja wa kazini kwetu, Mwingereza wa kuzaliwa, mpole kiasi kwamba ukimkanyaga yeye ndiye anaomba radhi. Siku moja alinipa lifti kwenda uwanja wa ndege wa Luton, M1 moja kwa moja. Tukamkuta bwana katikati, gari la kijivu. Mzee akaanza kupumua kwa pua. "Mwangalie," akaninong'oneza, kana kwamba yule angetusikia. "Wewe mwangalie tu." Akawasha indiketa, akavuka njia ya pili, akaingia ya tatu, akampita. Kisha akarudi polepole, indiketa ikipiga tik, tik, tik, akakatiza mbele ya yule bwana akiwa amemwachia nafasi nzuri ya kuona, mpaka njia ya kushoto. Yaani alikuwa anamfundisha. Akatazama kwenye kioo.

"Amehama?" nikamuuliza.

"Hajahama."

Maili nyingi baadaye bado alikuwa anatafuna midomo. Tukasimama kwenye kituo cha mapumziko tunywe chai. Tunakaribia mlango, nani anakuja nyuma yetu? Yeye, na mwavuli wake. Nikasema leo kitanuka, nikashika begi langu vizuri. Mzee wangu akamshikia mlango! Akamwambia samahani. Yule akasema ahsante sana. Mzee akasema wala usijali. Wakapeana tabasamu, wakaingia ndani wote wawili, wakapanga mstari wa chai, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa nidhamu ambayo sijaiona hata kwenye foleni ya Komunyo.

"Si ndiye yule?" nikamwambia tulipokaa.

"Nimemwona."

"Mbona hukumwambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nitamwambiaje? Simfahamu."

Sasa jambo litakalokufurahisha wewe hasa: kuchomekea. Huku kuchomekea kumebarikiwa na serikali. Panapokuwa na ukarabati na njia mbili zinakuwa moja, kitabu chao cha sheria za barabarani kinapendekeza, kama mwendo ni mdogo, magari yaingie kwa zamu, moja la huku, moja la kule. Na mara nyingi wanaweka bango kabisa: tumieni njia zote mbili, ingieni kwa zamu. Unadhani wanafanya? Wakiona bango kwa mbali, wote wanahamia njia moja, wanapanga foleni ya maili nzima, na njia ya pili inabaki kama uwanja wa mpira siku ya mvua kubwa. Anayethubutu kuitumia mpaka mwisho, kama bango linavyosema, anaangaliwa kama aliyeruka mstari msibani. Nimeshaona dereva wa lori akilaza lori lake katikati ya njia mbili makusudi ili mtu asipite. Hakuna aliyemtuma. Analinda foleni. Waingereza wana sheria za bunge, halafu wana sheria ya foleni, na hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu.

Kutanua nako wamekujaribu. Motawei nyingi zina ile sehemu ya pembeni ya kusimama gari likiharibika, na sijamwona mtu akiikimbilia kama tunavyofanya Kimara jioni. Lakini serikali yenyewe, kwenye baadhi ya vipande, iliichukua ile pembeni ikaigeuza njia ya kawaida, ikatundika kamera na taa juu, ikaziita barabara zenye akili. Gari likizima hapo, unatafuta kijisehemu cha dharura kilipo, na unasali kikiwa mbali. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2023 serikali ikatangaza haitajenga mpya, kwa gharama zake na kwa kuwa wananchi hawana imani nazo. Yaani walihalalisha kutanua, wakakuogopa. Sisi hatujawahi kukuogopa.

Tukija kwa malori, ya huku yamefungwa vidhibiti mwendo, mwisho ni kama kilomita 90 kwa saa. Kidhibiti cha huyu kinasoma 90, cha yule 89. Wa 90 anaamua kumpita wa 89. Piga hesabu, wewe uliyepita Kitonga na tani zako: ukichukua urefu wa malori mawili na nafasi ya mbele na nyuma, ni kama mita 70 za kupita, kwa tofauti ya kilomita moja kwa saa. Zaidi ya dakika 4! Wanatembea sambamba zaidi ya kilomita 6, ubavu kwa ubavu, hakuna anayelegeza, na sisi nyuma tunasoma matangazo ya matela yao kama misahafu. Wajerumani huita hali hiyo mashindano ya tembo. Penye njia tatu, lori kubwa haliruhusiwi kuingia ya kulia, kwa hiyo angalau huko wengine wanapenya, isipokuwa kama Bwana wa Kati naye leo amejisikia kishujaa na kuhamia humo.

Lakini ngoja, hawa wa malori ndio ndugu zako hasa. Kule kwetu mtu akikuwashia taa kutoka mbele unajua trafiki yupo bondeni, na lori la mbele likikupa indiketa ya kushoto unajua njia nyeupe, pita. Huku nako, lori likimpita mwenzake, yule aliyepitwa anamwashia taa mara moja: tela lako limevuka, rudi. Na aliyerudi anapiga indiketa kushoto, kulia, kushoto: ahsante. Kitabu cha sheria hakiitambui lugha hiyo, kinasema taa ni ya kumjulisha mtu upo, basi. Nilipoiona usiku mmoja kwenye M6, mvua inapiga, nikacheka peke yangu ndani ya vani. Dereva wa Poland na dereva wa Tunduma wangeelewana bila mkalimani.

Kuhusu ile safari yako ya kuja huku, Mama Mdogo ameniambia viza umeshaanza kuiulizia. Ukija, leseni yako ya Tanzania itakubalika kwa gari dogo hadi miezi 12, kwa hiyo nikikunyima ufunguo sitakuwa na sheria ya kujifichia. Nitakupa. Utakaa kushoto, utampita kwa kulia, utarudi kushoto. Ukimkuta bwana wetu katikati, mpite kimya kimya. Najua huwezi, nakufahamu, mkono wako wa kulia uko kwenye honi tangu Nyerere akiwa Ikulu. Kwa hiyo wiki moja kabla hujafika nitampelekea fundi gari, aichomoe waya.

Msalimie Bibi, mwambie dawa ya miguu inakuja na mtu.

Mwanao wa Leicester.