Barua kwa Ami: Mji Usio na Makanga

Kwa Ami yangu mpenzi, pamoja na jamaa wote wa barazani Likoni,

Baada ya salamu na kukuarifu kwamba mimi ni mzima, ila pua tu, ambayo tangu baridi iingie imejitenga na mwili na kushika shughuli zake yenyewe, napenda kulijibu lile suali lako ulilolipigia mstari wa wino mzito, yaani kama ni kweli yasemwayo kwamba katika mji huu wa Luxembourg mtu hupanda gari, akaenda atakako, akashuka, asidaiwe hata senti.

Ni kweli, Ami. Tangu mwezi wa Machi 2020 serikali ya hapa imeondoa nauli katika mabasi, tramu na treni za nchi nzima, kwa mwenyeji na mgeni sawasawa. Na kabla ya hapo nauli yenyewe ilikuwa euro 2 kwa muda wa saa mbili, ambayo kwa mishahara ya huku haikuwa ya kumliza mtu. Sisi wa Likoni, ambao tangu utotoni tumezoea kuvuka kwenda kisiwani kwa feri bila ya kulipa maadamu tumo kwa miguu, hatukupaswa kustaajabu. Walakini feri ina njia yake ya kumkumbusha mtu kwamba amepewa cha bure, kwa kule kusukumwa, kukanyagwa na kupumuliwa shingoni, ilhali huku unapewa cha bure, na kiti juu yake.

Lililonipata mimi ni ukiwa. Wewe uliyeifanya kazi ya umakanga mpaka magoti yakakukataza utanifahamu nikisema kwamba nauli ilipoondoka iliondoka na jamaa zake wote: hakuna wa kuning'inia mlangoni, hakuna chenji ya kudaiwa, hakuna mama anayekataa kumlipia mtoto kwa hoja kwamba atampakata, ilhali mtoto mwenyewe keshaota ndevu, hakuna mzee aliyepanda na noti kubwa kwa makusudi, wala hakuna ule mjadala mtamu ambao abiria wote husimama upande wa mmoja dhidi ya makanga, mpaka gari likafika bila ya mtu kuhisi njia. Atakaye kushuka hubonyeza kitufe, kengele ikalia kwa sauti ya aibu, na gari likasimama pale lilipoandikiwa kusimama, si hatua moja mbele wala nyuma, hata kama nyumba yako i hapo katikati na mvua inakutazama. Abiria huingia wakisema "Moien", ambayo ndiyo salamu yao ya asubuhi, mchana na usiku, kisha kila mmoja huitumbukiza shingo yake katika kola ya koti na kunyamaza.

Na mbwa nao hupanda, Ami, wala hawalipi. Alasiri moja, nami nimo na udhu wangu mkamilifu, aliingia bibi mmoja mwenye haiba na mbwa wa kimo cha ndama, ambaye katika tramu nzima hakuona pa kujilaza ila juu ya viatu vyangu. Bibi yule, aliponiona najikunja kuelekea dirishani, akaniambia kwa upole kwamba nisihofu, mbwa wake amezoea wageni. Nikamjibu kwa Kifaransa changu cha kuungaunga kwamba sina shaka naye, ila mimi ndiye sijawazoea wenyeji. Akacheka mpaka watu wakageuka, na nadhani ndicho kicheko pekee kilichosikika katika tramu ile msimu huo.

Tramu yenyewe ina kisa. Ilianza mwaka 1875 ikikokotwa na farasi, ikatiwa umeme mwaka 1908, na mwaka 1964 wakubwa wa mji wakaiona imepitwa na wakati, wakaing'oa, reli na kila kitu. Kisha mwaka 2017, magari yalipowajaa kooni, wakairejesha kwa gharama na taadhima kubwa, mithili ya mtu aliyemtaliki mkewe ujanani akaenda kumposa tena uzeeni kwa mahari mara kumi. Na kwa kuwa bibi harusi wa safari hii hataki kuharibiwa sura, sehemu za katikati ya mji hazina nyaya za umeme juu. Tramu hujinywea umeme wake inaposimama vituoni, ikaendelea.

Lakini jambo ambalo, nisipolieleza sawasawa, mtaniona mwongo, ni hili: huku hawasafiri mbele na nyuma tu, bali na juu na chini. Mji huu ulikuwa husuni kubwa iliyojengwa juu ya majabali, na magenge yake yanateremka mabondeni kwa mito ya Alzette na Pétrusse. Ngome yetu ya Mombasa ingali imesimama, ila hii yao iliamriwa ivunjwe kwa mkataba uliotiwa saini London mwaka 1867. Kuta nyingi zikaondoka, magenge yakabaki, na mtu anayeishi Pfaffenthal bondeni akitaka kwenda kununua mkate juu mjini huingia katika lifti ya vioo inayompandisha mita 71, huku ameshika kishikio (mimi, kwa hakika, hushika na Ayatul Kursi). Akitaka kwenda upande wa pili, uwanda wa Kirchberg, ilipo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, hupanda kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma mgongoni mwa kilima, na kwa muda wa dakika moja hivi yuko juu. Ipo pia lifti nyingine iliyotobolewa ndani ya jabali lenyewe, kutoka uwanja wa mahakama za nchi hadi mtaa wa Grund penye vilabu vya mvinyo, na mawakili, nasikia, wanaisifu sana.

Msidhani basi kwamba kwa neema hii barabara zimekuwa nyeupe. Kila siku ya kazi watu zaidi ya laki mbili hutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani kuja kutafuta riziki hapa, kwa kuwa nyumba za hapa hazishikiki kwa bei, na wengi wao huja kila mmoja peke yake garini mwake. Nami nikiwa ndani ya tramu huwaona wamefungana foleni, wametulia, wakitutazama sisi wa bure tukiwapita. Nilimuuliza jirani yangu, ambaye ofisi yake na nyumba yake zote zi kando ya reli, mbona hapandi. Akaniambia garini mwake huweza kuimba.

Kuhusu azma yako ya kunizuru, karibu sana. Tangu Machi 2025 tramu inafika hadi uwanja wa ndege wa Findel, kwa hivyo ukishuka usikubali teksi. Nchi nzima, kaskazini hadi kusini, ni kilomita 82 tu, ambazo kwa kutoka kwetu ungekwisha kuipita Kilifi lakini Malindi hujaiona, na zote nitakutembeza bila ya kugusa mfuko. Ila nakujua tabia yako ya kutaka kukaa mbele. Daraja la kwanza katika treni bado lina nauli, Ami, na hiyo itakuwa juu yako.

Wassalaam,
Mwanao