Alfabeti ya Volvo

Wapo wanaume watu wazima, Uswidi na Marekani, wasiokumbuka siku aliyozaliwa mama mkwe, lakini herufi iliyogongwa kwenye ncha ya kamshafti ya Volvo 240 zao wanaitaja usingizini. Kiwanda kiliipa familia moja ya injini kamshafti za kila aina: M, T, A, V, K, H. Basi imekuwa ukoo na ukoo. Mwenye M hasemi kitu. Mwenye K anatembea kifua mbele.

Miujiza hamna. Nundu ndefu ya kamshafti huinua valvu zaidi, nundu pana huiacha wazi kwa muda mrefu zaidi, na hewa inajaa mizunguko ikipanda. Huku chini mvuto unapungua, sailensa inatetema. Faida unaionja ukiikimbiza injini mpaka ilie, jambo ambalo 240, kabati lenye magurudumu lililoundwa kuanzia 1974 hadi 1993, halikuwahi kuliomba.

Mwambie sasa bwana mwenye K kwamba huenda gari linataka plagi mpya tu, si kamshafti. Atakuangalia kama uliyemtukania wazazi. Plagi! Hata jirani asiye na leseni anabadilisha plagi.