Gari Lisilodai Kitu

Fedheha ya kupitwa na bajaji yenye abiria watatu na gunia la mkaa, katikati ya mpando wa Daraja la Mfugale jijini Dar es Salaam, humwelemea zaidi mtu ambaye gari lake limetoka yadi wiki hiyohiyo na bado lina nailoni kwenye viti vya nyuma. Kanyagio la mafuta limekandamizwa hadi sakafuni, injini inaguna bila kuchanganya, mshale wa mwendo umegota kwenye 20, na daladala lililo nyuma linapiga honi zisizohitaji mkalimani. Mwenye gari huwasha taa za tahadhari ili ionekane kwamba ameamua mwenyewe kwenda taratibu, lakini hila hiyo haimdanganyi dereva wa bajaji, ambaye huchungulia dirishani na kutoa pole ya dhati, na pole hiyo huuma kuliko honi zote.

Kuchanganya, kwa lugha ya madereva, ni gari kuupokea mguu na kuongeza mwendo bila kusita. Katika magari ya zamani jambo hilo lilitegemea waya wa chuma uliounganisha kanyagio na kilango cha hewa, yaani kisahani cha duara kinachogeuka ndani ya bomba ili kuruhusu hewa iingie kwenye injini. Mguu ulivuta waya, waya ukavuta kisahani, na mjadala ukaishia hapo. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana waya huo, na kanyagio lake limekuwa kama mwombaji katika ofisi ya umma. Ndani yake mna vihisio viwili, yaani vifaa vidogo vinavyopima jinsi mguu ulivyoshuka, na kila kimoja hupeleka fomu yake kwa kompyuta ya gari, ambayo huzilinganisha, hutazama joto la injini na kiasi cha hewa inayoingia, kisha ndipo huiagiza mota ndogo igeuze kisahani, huku petroli ikinyunyizwa kwa uwiano unaokaribia gramu moja kwa kila gramu 14.7 za hewa. Yote hayo hukamilika katika sehemu ndogo ya sekunde, na hakika ni kazi ya kustaajabisha, ila pale fomu hizo mbili zinapopingana. Kihisio kimoja kikichakaa na kudai kwamba mguu umeshuka nusu, ilhali mwenzake kinashikilia kwamba umefika sakafuni, kompyuta haimuulizi mwenye mguu. Hujihami kwa kukifungua kisahani kidogo tu, kiasi cha kulifikisha gari gereji, kwa kuwa wabunifu wake waliona heri gari litambae kuliko likurupuke lenyewe. Mara nyingi injini ikizimwa na kuwashwa tena, kompyuta huanza kusikiliza upya, na gari huondoka kwa nguvu zake zote kana kwamba halikumwaibisha mtu.

Ndiyo sababu ugonjwa huu hauonekani mbele ya fundi. Plagi za gari lile la darajani zilibadilishwa. Koili zikafuata. Chujio la petroli lilitolewa, likaonekana zima, likabadilishwa hata hivyo kwa kuwa lilikuwa limeshatoka. Fundi mwingine alipendekeza kung'oa masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi chenye vitundu vingi, na akajitolea kuyabeba bila malipo, ukarimu unaoeleweka mtu akijua kwamba hupakwa platini, paladi na rodi. Kila kifaa kilinunuliwa kwa fedha za mwenye gari, na hakuna fundi aliyerudisha shilingi pale dhana yake ilipokosea.

Dalali, kwa upande wake, alikuwa ameapa kwamba gari halidai kitu, yaani halihitaji matengenezo yoyote, na risiti ya yadi ikaongeza kwamba mali ikishauzwa haitarudishwa. Sheria ya Tanzania ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, lakini haimlindi mnunuzi aliyekagua mali dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Ukaguzi wenyewe hufanyika yadi, penye tambarare, injini ikiwa baridi, kutoka kwenye kibanda hadi getini na kurudi. Kasoro inayojitokeza mlimani tu ingefichuliwaje hapo? Makato ya mkopo wa SACCOS ulionunulia gari hilo, tofauti na gari lenyewe, hayajawahi kusita hata mwezi mmoja.

Mnunuzi basi asitoe fedha kabla ya kulipandisha gari mlimani, injini ikiwa imepata moto, kiyoyozi kimewashwa na viti vimejaa watu, wala kabla ya kulipima kwa mashine ya kusoma hitilafu. Muuzaji anayeyakataa hayo ameshajibu.