Rangi Isiyo na Timu

Hapa Dar es Salaam, nguo ya mtoto isiyo ya kike wala ya kiume utaipata. Kazi ni kupata isiyo na timu.

Nilipobeba mimba ya kwanza nilimwambia mtaalamu wa utrasaundi atazame moyo, atazame kondo, hayo mengine abaki nayo mwenyewe. Mume wangu alikubali kwa shingo upande, nadhani kwa kuwa hakuona sababu ya kuuliza. Tumbo langu lilikuwa limechongoka, na kwao tumbo lililochongoka ni dume, mjadala umefungwa.

Basi nguo ziwe za wote: pinki hapana, bluu hapana. Nikanunua rompa ya njano yenye kola ya kijani, nikaona mambo yamekwisha. Njano nani ana ugomvi nayo?

Mume wangu anao. Ni mtu wa Simba, Simba ya kurithi, na kwao njano haiingii hata kwenye kitambaa cha meza. Aliitazama ile rompa kama mtu aliyeonyeshwa hati ya kiwanja chake ikiwa na jina la jirani. "Mwanangu hatoki leba na jezi ya Yanga," akasema. Nikapendekeza nyekundu na nyeupe. Akatabasamu, lakini habari zikamfikia kaka yangu, Yanga mwenye kadi, naye akapiga simu kunikumbusha kwamba mjomba ana haki zake.

Yanga ilianza mwaka 1935, Simba 1936. Muda wote huo wamegawana rangi zetu na hakuna aliyefikiria kuwabakizia wachanga hata moja. Kijani, hata ukiiondoa Yanga, kuna chama. Zambarau nayo ina chama chake. Bluu na nyeupe, ukishamkwepa mvulana unakutana na Azam. Rangi ya chungwa mama mkwe aliimaliza kwa neno moja: wafungwa. Nyeupe tupu hakuisemea neno. Alishusha pumzi tu, nikakumbuka sanda.

Nilijaribu elimu. Nikamsomea mume wangu kwamba mwaka 1918 jarida moja la wauza nguo za watoto huko Marekani liliandika kuwa pinki ndiyo ya wavulana, kwa sababu ni rangi yenye nguvu, na bluu ni ya wasichana. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwaka 1918," akasema, "hata Yanga haikuwepo."

Mwishowe tukaafikiana: rangi ya maziwa. Aliikagua kichwani, ligi kuu, daraja la kwanza, akarudi na jibu kwamba haina mwenyewe.

Kufika Kariakoo, Mtaa wa Congo, nikagundua kwamba rangi ilikuwa ndiyo sehemu rahisi.

"Mama kijacho, karibu! Wa kike au wa kiume?"

"Sijui."

"Hujapiga picha?"

"Nimepiga."

"Mashine yao mbovu?"

Nikasema sikutaka kuambiwa. Yule kijana akawaita wenzake waje wamwone mteja aliyelipa hela ya kipimo akakataa majibu. Wakaniomba nigeuke kidogo. Nikageuka, sijui kwa nini. Ukiwa na miezi minane mtu yeyote mwenye sauti ya upole anakuamrisha. Muuza soksi akasema wa kiume. Muuza mikoba akasema hapana, tazameni pua ilivyotanuka, huyo wa kike. Suluhisho likapatikana bila kunishirikisha: ninunue kigauni na ovaroli, kisha kimoja nitamgawia mwenzangu.

Nikaondoka zangu kwenda mitumbani Ilala, ambako belo lilikuwa limefunguliwa asubuhi na hakuna mwenye muda wa kutazama pua ya mtu. Nikaokota sweta ndogo ya rangi ya maziwa. Mama muuzaji akanipokonya kwa upendo. "Hii ya kike, mwanangu. Tazama vifungo viko upande gani." Kweli, Wazungu wana mambo yao: vifungo vya shati la kiume viko kulia, vya kike kushoto. Nikamwambia mtoto wa wiki moja hatajua. "Yeye hatajua," akasema, "mawifi je?" Ndani kulikuwa na lebo ya 56. Huo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, ndivyo wanavyopima Ulaya, lakini yeye alikuwa na maelezo yake: ni bei ya huko ilikotoka, kwa hiyo elfu tano aliyotaja ni sawa na bure.

Nikarudi na fungu zuri: sweta, rompa, kofia, soksi, vyote rangi ya maziwa. Mama mkwe, ambaye kununua nguo kabla mtoto hajalia ni uchuro kwake, alikubali ziingie ndani baada ya kuonyeshwa orodha ya hospitali: doti za khanga, pamba, mpira, glavu, nguo za mtoto. Alitoa sharti moja tu, zifuliwe. Nikaziloweka zote kwenye beseni, nikaenda kulala.

Usiku huohuo mume wangu akatumbukiza humo kijezi kidogo cha Simba alichokuwa amekificha kwenye begi la kazini. Kilikuwa feki. Feki ya Kariakoo huvuja rangi hata ukiisemea kwa ukali.

Jumapili wifi akaja akakuta kamba nzima imejaa pinki. Hakuuliza kitu. Chai haijachemka, picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo. Vigauni vikamiminika, shangazi wa Tanga akatuma hereni. Mume wangu, mwenye dume lake la uhakika, nikamfuma akiandika majina ya kike nyuma ya risiti ya luku.

Yaliyotokea nje ya leba nimesimuliwa. Muuguzi alitoka na mtoto aliyevikwa kofia ya pinki, sweta ya pinki, soksi za pinki, akawapongeza ndugu kwa kupata mtoto wa kiume. Mama mkwe akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akamtazama muuguzi.

"Mwanangu," akasema, "hebu rudi ukaangalie tena."