Barua ya wazi kwa biro ya masomo: leteni bahari Pinga

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Pinga, pale teritwari za Masisi na Walikale zinapogusana. Jibu lenu kuhusu kozi yangu ya sayansi ya bahari, niliyoisoma peke yangu kwa intaneti, limenifikia. Mnasema cheti cha kwenye simu si cheti, kwa kuwa hakina muhuri wa wino, na kwamba krediti 3 hazitoki bila hati ya mazoezi iliyosainiwa mahali penye bahari. Ni haki yenu. Wanafunzi wakianza kupasishwa kwa kujua tu, mihuri itakula wapi?

Kwamba ili kuisoma niliifuata rezo ya simu juu ya kilima usiku, hilo haliwahusu.

Basi, kwa kuwa pwani yote ya nchi hii ni kilomita kama 40, kule Muanda, nawaomba kwa unyenyekevu muilete bahari huku. Si yote, kipande tu. Ipitie Sake, Kitshanga, Mweso na Kalembe, ikiwa na karatasi ya njia, maana kizuizi cha kwanza kitauliza inatoka wapi na imebeba nini. Hapo italipa samaki. Cha pili kitachukua chumvi. Cha tatu watataka mawimbi, na wakiambiwa hayashikiki, bahari italala hapo hadi mkubwa wao aamke. Ikikwama kwenye matope, vijana wataisukuma, nao wapewe chao. Itakayobaki nitaipokea kwenye bidoni ya lita 20 na kuisainia. Kujaa na kupwa msihangaike nako: mwezi tunao.

Mnijulishe pia kama wino wa muhuri uwe wa bluu. Na kwenye picha ya hati ya mazoezi nivae tai, au nguo ya kuogelea?

Mkiwa mnatafakari, niwape kidogo nilichosoma. Mto Lowa unapita Walikale na kuingia Lualaba, na udongo wa milima hii unaweza kusafiri hivyo hadi Atlantiki. Nje ya mdomo wa mto Kongo kuna korongo refu chini ya bahari. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa, matope yaliteremka humo zaidi ya kilomita 1,100, yakakata nyaya za intaneti za SAT-3 na WACS. Agosti 2023 nyaya hizo hizo zikakatika tena. Kumbe udongo wa kwetu una mazoezi ya baharini kunizidi. Upeni krediti huo.

Lakini tusemezane ukweli. Tukikimbia vita na magodoro kichwani, mnatuhurumia redioni na kutuita vijana jasiri. Tukija na kitu ndani ya kichwa hicho hicho, mnauliza muhuri! Barua ya kunikatalia mmeiandika mkiwa na rezo ya kutwa nzima, na hamkufungua hata ukurasa mmoja wa kozi. Hiyo si kanuni. Ni dharau.

Mniwie radhi, Waheshimiwa. Adabu ilinitoka, nimeishika tena.

Ombi la mwisho halina gharama. Nipeni mwalimu yeyote mnayemwamini, aniulize hata kwa simu: mikondo, chumvi, kina cha maji, korongo la Kongo. Nikishindwa, ninyimeni. Nikijibu, ziandikeni krediti zangu 3 kabla matokeo ya mwaka hayajatangazwa.